Mashua ya Sita kwa Nne

Siku Mama Dobi alipokosa mahali pa kuanika shuka ndipo alipojua kwamba mumewe hatanii.

Kamba zake zote za kuanikia zilikuwa zimefunguliwa, zikaviringishwa vizuri na kuwekwa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Katikati ya ua, pale ambapo miaka yote shuka za watu zilipigwa jua, kulikuwa na dude la mbao limelala kifudifudi juu ya matofali. Mumewe alikuwa chini yake. Ilionekana miguu tu.

"Baba," alisema, beseni la nguo mbichi likiwa bado kichwani. "Hiki nini?"

"Mashua," miguu ikajibu.

"Nani kaagiza?"

"Mimi."

"Na nani atalipa?"

"Mama, wewe anika nguo zako."

"Nianike wapi? Kwenye pua yako?"

Mlango wa chumba cha mbele ukafunguliwa kwa hasira. Mpangaji wao alikuwa mlinzi wa ghala la saruji, na kwa kuwa alikesha kazini, mchana ndio uliokuwa usiku wake. Akatokeza kichwa kilichovimba usingizi.

"Wazee wangu," alisema, "mimi kodi nalipa. Nalipa ili nilale. Hiyo nyundo inanigonga hapa." Akaonyesha katikati ya paji la uso.

"Vumilia, Mlinzi. Nikimaliza nitakuvusha bure."

"Nivuke niende wapi? Kule sina hata adui."

Mlango ukafungwa. Mama Dobi akatua beseni chini, akaketi juu ya ndoo, juu ya kamba zake mwenyewe, akashika tama. Yeye kule ng'ambo ya mto alikuwa na watu. Binti yao aliolewa huko, na majuma machache yaliyopita alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji. Daktari alimkataza kupanda chombo chochote mpaka kidonda kikauke. Daraja lilikuwa limezolewa na mafuriko pamoja na kipande kizima cha barabara ya kuzunguka, zikabaki nguzo tu zimesimama majini. Cha kuvushia watu ilibaki mashua moja, na mwenye mashua hiyo alikuwa Nahodha, baba mzazi wa mume wa binti yao. Hapo ndipo penye kasheshe.

Maharusi walipooana, mume wa Mama Dobi, ambaye mji mzima ulimwita Fundi Vitanda, aliwatengenezea kitanda kwa mikono yake. Akakifungua vipande vipande, akakipakia kwenye mashua ya Nahodha, kikaenda kuunganishwa ng'ambo. Siku ileile ya kwanza kikaanguka. Nahodha, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe na mdomo usio na breki, akakisimulia kisa hicho kwa kila abiria aliyetia mguu chomboni mwake. "Kitanda cha mkwe wangu, bwana! Hakikungoja hata maharusi wavue viatu!" Watu walicheka mpaka mashua ikayumba.

Maneno yalipomfikia, Fundi aliteremka gatini, na mbele ya umati akaapa kwamba hatakanyaga chombo cha Nahodha mpaka anaingia kaburini. Mama Dobi alikuwa amesimama nyuma yake na furushi la nguo za wateja. Hakuna aliyemuuliza chochote. Akachomekea tu: "Na mimi pia!"

Hata sasa hakujua nini kilimsukuma. Labda ni vile mabega ya mumewe yalivyokuwa yameshuka. Wakati ule mjukuu hakuwepo, na maneno matatu hayakuwa mzigo. Sasa mjukuu alikuwepo, na yale maneno yalikuwa yamemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Angepanda kimyakimya vipi, wakati gati zima lilimsikia?

*

Zamani wote wawili waliitwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Tangu kijana huyo azikwe, majirani waliona vigumu kulitaja jina lile kila wanapokuja kuazima chumvi, wakaanza kuwaita kwa kazi zao. Wao wenyewe wakabaki na Baba na Mama tu. Hakuna aliyekaa kikao kuamua hivyo. Jina liliondoka taratibu, kama mgeni anayeona haya kuaga.

Fundi hakuwahi kutengeneza mashua. Alijua vitanda, na vitanda alivijua kama kiganja chake. Kwa hiyo alipolala chali pale uani, macho yakiwa karibu na mbao, mikono yake ilifanya ilichozoea. Mashua ilipogeuzwa na kusimamishwa, Mama Dobi aliizunguka mara moja, akaizunguka tena.

"Baba."

"Naam."

"Urefu wake ni kiasi gani?"

"Futi sita."

"Na upana?"

"Nne."

Wakatazamana. Fundi akakwepesha macho kwanza.

"Ni kipimo kizuri," alisema. "Watu wote wanakipenda."

"Na hii nyuma? Hii yenye ua la kuchonga?"

"Hiyo ya kuegemea."

"Huo ni mchago wa kitanda, Baba. Umeitilia mashua mchago."

"Kwani majini watu hawaegemei?"

Kutoka chumba cha mbele, nyuma ya mlango uliofungwa, Mlinzi alisikika akicheka ndani ya mto wake.

*

Waliipeleka mtoni asubuhi ya soko, jambo lililokuwa kosa, kwa sababu gati lilikuwa limejaa watu wenye vikapu wasio na la kufanya ila kungoja. Mlinzi na majirani wawili waliibeba. Kwenye kona ya ukumbi wa nyumba, njia pekee ya kutokea uani, waliilaza ubavu, wakaipitisha mchago mbele, kama kitanda chochote. Barabarani mtu mmoja aliuliza nani anahama.

Fundi alivua viatu, akavipanga ukingoni, akaingia. Mashua ilielea. Watu wakasema "Aaah!" kwa heshima kabisa. Akashika kasia, akayavuta maji kwa nguvu, na mashua ikaenda. Tatizo ni kwamba haikwenda mbele. Iligeuka. Akavuta upande wa pili, nayo ikageukia upande wa pili. Akavuta haraka haraka, huku na huku, ikazunguka kama sahani iliyodondoshwa, na kila ilipozunguka uso wa Fundi uliwapitia watu wa gatini, ukaenda, ukarudi, umekunjamana vilevile.

Nahodha alikuwa anapakia abiria. Alivua kofia yake ya majani, akaiweka kifuani.

"Mkwe wangu!" alipaza sauti. "Shikamoo! Mbona kila nikitaka kukusalimia umeshanipa kisogo?"

Watu walivunjika mbavu. Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha mayai ilibidi akae chini ili asiyavunje.

"Mwacheni, yuko usingizini!" Nahodha akaongeza. "Anageuka geuka tu, hajapata upande mzuri!"

Mama Dobi alitia mguu majini na nguo zake zote. Maji yakamfika kiunoni. Akaisubiri mashua izunguke, akaudaka ule mchago, akaikokota mpaka ukingoni bila kumtazama mtu. Fundi akashuka. Alivaa viatu vyake, cha kushoto mguu wa kulia, na akatembea navyo hivyohivyo hadi nyumbani.

*

Simu ilipigwa jioni ileile. Ilikuwa binti yao.

"Mama, baba mtoto amepata kazi. Mbali sana, huko migodini. Gari linakuja kutuchukua Jumapili asubuhi."

"Jumapili hii?"

"Hii. Daktari karuhusu gari, mashua ndiyo kakataza."

"Mtarudi lini?"

"Mama, panda tu chombo cha baba mkwe. Kiapo gani kisicho na mwisho?"

"Baba yako je?"

"Naye apande."

"Umemsahau baba yako?" Akateremsha sauti, kwa maana Fundi alikuwa amekaa mlangoni akijifanya anakagua msumeno. "Hebu niambie. Mtoto amefanana na nani?"

Binti naye akateremsha sauti.

"Njoo umwone mwenyewe, Mama. Sitaki kusema kwenye simu. Baba asije akasikia."

Mama Dobi alikata simu, akakaa na simu mapajani. Kulikuwa na sura moja tu duniani ambayo watu wa nyumba hiyo hawakuitaja mbele ya Fundi. Aliwaza masikio yale, yaliyotokeza kidogo. Aliwaza kile kidevu. Ilibidi asimame aende akafue kitu, na akafua shuka iliyokuwa safi.

Alipomaliza, alimwendea mumewe mlangoni.

"Wanahama Jumapili."

"Nimesikia."

"Mashua yako ina ugonjwa gani?"

Fundi alijikuna kidevu. "Ni fupi. Pana na fupi. Ndiyo maana haina mbele wala nyuma."

"Akija mtu mrefu, kitanda kikiwa kifupi, unafanyaje?"

"Unaongeza."

"Basi ongeza."

Fundi akainuka. Kisha akachukua msumeno, akaenda uani, akapiga mstari katikati ya mashua na kuanza kuikata vipande viwili. Mlinzi alichungulia, akaona, akapumua.

"Afadhali," alisema. "Kuni za kutosha hizo."

*

Kukata kulikuwa rahisi. Katikati ya vile vipande viwili kulihitajika kipande cha tatu, chenye urefu wa futi sita, na mbao hazikuwepo. Zilizokuwa zikija mjini zilikuja kwa kupitia daraja, na daraja ndilo hilo. Fundi alizunguka karakana yake, ambayo siku hizo ilikuwa na vumbi kuliko mbao, maana watu walikuwa wamehamia vitanda vya chuma. Akarudi mikono mitupu.

Ndani ya nyumba kulikuwa na vitanda viwili vya mti mgumu wa zamani. Kimoja walikilalia wao. Kingine kilikuwa katika chumba kidogo cha nyuma, na yule kijana aliyekuwa akikilalia hakuwepo tena. Kila wiki Mama Dobi alitoa shuka ya kitanda kile, akaifua, akaianika, akaipiga pasi, akairudisha, ingawa hakuna mtu aliyeichafua. Wateja wake hawakulijua hilo. Mumewe alilijua na hakuwahi kulisema.

Alhamisi asubuhi alimwona Fundi amesimama kwenye mlango wa chumba kile, futi ya kupimia mkononi. Hakuingia. Alisimama tu. Mama Dobi angeweza kusema "Usithubutu." Badala yake alibeba furushi la nguo za wateja, akatoka, na njia nzima akawa anagombana naye kichwani. Alimwambia maneno makali yaliyopangwa vizuri. Alimwambia kwamba mbao ni mbao lakini kile si mbao. Nyumba ya kwanza alisahau kusema hodi. Nyumba ya pili alimkabidhi mama mwenye nyumba suruali za mwanamume wa nyumba nyingine, ikabidi arudi kuomba radhi pande zote mbili, kwa suruali na kwa mama. Kisha akarudi nyumbani karibu anakimbia.

Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Kitanda kilikuwepo. Shuka ilikuwa imenyooka kama alivyoiacha.

Akafungua mlango wa chumba chao. Godoro lilikuwa sakafuni.

Huko uani Fundi alikuwa ameshapanga mifumbati ya kitanda chao, zile mbao mbili ndefu za ubavuni, na pembeni chaga zote zilikuwa zimekaa tayari kuwa sakafu ya chombo. Alimwona mkewe, akaweka nyundo chini, akasubiri.

Mama Dobi alikuwa amejaa maneno mpaka kooni na sasa hayakuwa na pa kwenda.

"Na panya?" akasema hatimaye. "Panya wakitutembelea pale chini utawaambia nini?"

"Nitawaambia ni mpaka Jumapili."

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungechagua. Sikutaka uchague." Akaokota nyundo. "Kile sikigusi, Mama."

Alikwenda jikoni, akasimama hapo kidogo bila kupika kitu. Kisha akarudi na shuka yake kuukuu, akaanza kuichana vipande vyembamba mbele ya mumewe, kwa kelele, kana kwamba shuka ndiyo iliyomkosea.

"Ya nini hiyo?"

"Ya kuziba. Au vitanda vyako huwa havivuji?"

*

Usiku mmoja tu sakafuni ulitosha kumvunja Fundi kiuno. Kesho yake, Ijumaa, alifanya kazi amepinda kama ndoano, na jua lilikuwa bado juu ya paa alipokwama kabisa, mkono mmoja umeshika mashua, hawezi kuinama wala kuinuka. Mama Dobi na Mlinzi walimwingiza ndani wakimkokota.

"Wapi?" Mlinzi akauliza ukumbini.

Mama Dobi alisita kwa muda mfupi sana. "Kule nyuma."

Fundi akageuza shingo, kiungo pekee kilichokuwa kikimtii. "Mama..."

"Kitanda kipo, watu wapo. Ingia."

Walimlaza. Mlinzi akaenda kujiandaa kwa kazi. Fundi alilala chali katikati ya shuka ile nyeupe, mikono ameibana kifuani asije akachafua. Mama Dobi alimtazama, akavua kilemba, akapanda naye.

Kitanda kilikuwa cha mtu mmoja.

"Sogea."

"Nisogee wapi, ndani ya ukuta?"

"Kiwiko chako kiko kwenye mbavu zangu."

"Hicho si kiwiko, ni futi. Iko mfukoni."

Alipojaribu kuitoa, uzito wote ukahamia upande mmoja, na Fundi Vitanda, aliyelaza nusu ya mji, akaanguka kutoka kitandani. Alitua sakafuni kwa kishindo, akaguna, kisha akasema kwa mshangao, "Kimenyooka." Kiuno kilikuwa kimenyooka. Mama Dobi alianza kucheka. Alicheka akijiziba mdomo kwa ncha ya shuka, na mumewe kule chini akacheka pia, na Mlinzi akagonga mlango kuuliza kama kuna usalama, jambo lililozidisha kicheko.

Walipotulia, Fundi alipanda tena, safari hii kwa tahadhari.

"Kilikuwa kinamtosha hiki?" aliuliza.

"Miguu ilikuwa inatokeza."

"Hakuwahi kuniambia. Ningekiongeza."

"Alipenda itokeze. Alikuwa anasema inapata upepo."

Fundi aliwaza hilo. Kisha akasukuma shuka kwa kidole cha mguu, akatokeza unyayo wake nje ya kitanda, akauacha hapo.

"Kweli," alisema. "Upo."

*

Mashua ndefu isingepinda kona ya ukumbi. Mtu mwingine angelijua hilo Jumamosi asubuhi, mashua ikiwa imekwama kati ya mlango wa Mlinzi na choo. Fundi alilijua tangu mwanzo, kwa sababu kila kitanda alichotengeneza maishani mwake kilifunguka ili kipite mlangoni. Basi na mashua aliitengeneza ifunguke. Vipande vitatu, na kila kiungo kimebanwa kwa boliti za kitanda, ndefu, zenye vichwa vipana, na kati ya mbao na mbao vipande vya shuka vilivyoloweshwa rangi ya mafuta. Alijivunia viungo vile kuliko kitu chochote alichowahi kuunda. Haikumpitia akilini kwamba kitanda hakitikiswi na mawimbi.

Waliiunganisha gatini. Nahodha alisogea, kofia kichwani, akaizunguka mara mbili.

"Imekua," alisema mwishowe.

Fundi akaendelea kukaza boliti.

"Mkwe," Nahodha akamgeukia Mama Dobi, sauti imepungua. "Wanahama kesho. Pandeni changu. Sitasema lolote. Nitatia pamba mdomoni."

"Asante, mkwe. Tuna chombo."

Mashua ilielea. Ilikwenda, na ilikwenda mbele. Mama Dobi aliketi nyuma, akaegemea mchago, akaona gati likipungua. Aliona hata Nahodha akisukuma mashua yake iliyojaa watu na kuwafuata kwa mbali. Fundi alivuta makasia, jasho linamtoka, meno yote nje.

"Unaegemea?" aliuliza.

"Naegemea."

"Si nilikwambia?"

Walikuwa wamefika katikati ya mto Mama Dobi aliposikia maji kwenye vifundo vya miguu. Alitazama chini. Kwenye kiungo cha mbele, kila wimbi lilipopita, vipande viwili vya mashua vilifunguka kidogo na kujifunga tena, kama mtu anayetafuna. Boliti zilikuwa zinalegea.

"Baba, spana."

Fundi aliacha makasia, akatoa spana mfukoni, akapiga magoti majini. Mama Dobi akaanza kukumba maji kwa bakuli. Aliyekaza alikaza na aliyekumba alikumba, lakini sasa hakukuwa na anayevuta makasia, na mto ukaichukua mashua polepole, ubavuubavu, kuelekea kwenye nguzo za daraja. Fundi akakimbilia makasia, boliti zikalegea. Akarudi kwenye boliti, nguzo zikasogea.

Mashua ya Nahodha ikawafikia. Abiria wote walikuwa wamesimama.

"Rukieni huku!" Nahodha akapaza sauti.

"Hatupandi!" Fundi akajibu, maji yamemfika mapajani alivyopiga magoti.

"Mtazama, mkwe!"

"Tutazama kwenye chetu!"

"Jamani, mjukuu!" akalia mwanamke mmoja kati ya abiria.

Mama Dobi aliacha kukumba. Aliangalia nguzo, akaangalia mgongo wa mumewe, yale mabega. Kama angeruka sasa angemwona mtoto, lakini bila mumewe kando yake. Akasimama, nguo zimemganda.

"Nahodha!" aliita. "Mimi na huyu tuliapa kutopanda chombo chako. Wewe uliapa nini?"

Nahodha alitoa macho. "Mimi? Mimi sikuapa kitu."

"Basi unangoja nini? Panda chetu!"

Nahodha aliitazama ile mashua ya vitanda, iliyojaa maji nusu. Akatazama abiria wake.

"Nenda, bwana!" wakampigia kelele. "Makasia tutashika wenyewe!"

Nahodha akavua viatu, akarusha mguu mmoja, akasema jina la Mungu, akarusha wa pili. Mashua ikazama kidogo zaidi, ikatulia. Akadaka makasia, na pale ikaonekana tofauti ya mtu anayejua mto. Kwa mivuto michache pua ya chombo ikageuka, na nguzo zikapita pembeni, karibu kiasi cha kuzigusa.

Walikwenda hivyo, mmoja anavuta, mmoja anakaza, mmoja anakumba. Kisha Nahodha akakohoa.

"Boliti zako ni nzuri sana, mkwe."

Fundi akakaza nyingine.

"Zile za kitanda cha maharusi pia zilikuwa nzuri. Mfuko mzima. Ziko..." Alitazama maji. "Ziko hapahapa chini yetu, kama sikosei. Ziliniponyoka. Kitanda nilikifunga kwa kamba ya nyavu, nikaona aibu kusema, nikaona nicheke kabla sijachekwa."

Fundi alisimamisha spana hewani. Akaitazama spana, akamtazama mkwe wake.

"Usimpige sasa," Mama Dobi akasema akiendelea kukumba. "Mpige tukifika."

Bega la Fundi likaanza kutikisika. Mama Dobi alidhani analia, mpaka Nahodha naye akaanza kutikisika, na mashua yote ikatikisika, na boliti moja ikalegea tena.

*

Binti alikuwa amesimama ukingoni na mtoto ndani ya shali. Mama Dobi alikuwa wa kwanza kushuka. Alinyoosha mikono.

"Mama! Maji yanakuchuruzika."

Alijitazama. Nguo zake hazikuwa na uzi mkavu. Fundi ndiyo kabisa. Nahodha alikuwa anafunga kamba, na mgongo wa shati lake, kwa kuwa alikaa kwenye makasia, ulikuwa mkavu. Mama Dobi alimshika mabega.

"Mkwe, samahani. Simama hivyohivyo." Akajifuta kwenye mgongo wake, viganja, kisha migongo ya mikono, kisha uso.

Kisha akampokea mjukuu wake, akafunua shali.

Akatafuta yale masikio. Akatafuta kile kidevu. Mtoto alifumbua macho, akafungua mdomo, mdomo mpana ajabu, akatoa sauti iliyowafanya kunguru waruke kutoka kwenye paa la gati. Mama Dobi aliinua macho akamtazama Nahodha, akarudi kwa mtoto, akamtazama Nahodha tena. Pua. Paji la uso. Mdomo, hasa mdomo.

"Ndiyo maana sikutaka kusema kwenye simu," binti akanong'ona.

Kitu kilimpita Mama Dobi kifuani na kwenda zake. Akajikuta anacheka, machozi yanamtiririka, na hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. "Piga kelele, baba," alimwambia mtoto. "Piga, tumekuja kukusikia."

Fundi alikuwa amesogea. "Nipe nami."

"Wewe umelowa. Kakauke kwanza."

Akaenda kusimama juani, mikono ameitandaza, akageuza mgongo, akageuza tumbo. Nahodha alisimama kando yake akimsimulia mtu yeyote aliyepita kwamba mashua ile ya mkwe wake ina mahali pa kuegemea. Binti aliwaletea viti. Mtoto alinyamaza, akalala, mdomo wazi.

"Nimekauka?" Fundi akauliza.

"Bado," alisema Mama Dobi.

Baada ya muda akauliza tena, na shati lake lilishaanza kupeperuka.

"Sasa?"

Mama Dobi alivuta shali taratibu, akamfunika mtoto uso kidogo.

"Bado, Baba. Geuka tena."